Barua ya wazi kwa mnaotunga sheria za bustani: hicho kifungu cha ukoka kinatumwagisha maji bure

Waheshimiwa madiwani, mkurugenzi, maafisa mipango miji, maafisa mazingira, na nyie wenyeviti wa kamati za nyumba mnaotupangia cha kupanda mbele ya geti, shikamooni wote.

Naandika kuhusu kile kifungu cha sheria ndogo kinachosema uwanja wa mbele ya nyumba uwe na majani ya kijani yaliyokatwa na mimea isizidi kimo fulani. Ombi langu nalisema mapema ili hata asiye na muda wa kusoma yote alipate: kifuteni, alafu mahali pake muandike kifungu kinachoangalia maji yanayotumika na aina ya mmea uliopandwa, sio jinsi uwanja unavyoonekana kwa mtu anayepita na gari. Sijasema mji ugeuke pori. Mji unahitaji sheria za bustani na mimi ni wa kwanza kuzitaka, ila hii tuliyonayo inamuadhibu anayetunza maji na kumuacha anayeyamwaga.

Angalieni inavyofanya kazi. Mtu akipanda majani ya asili ya eneo, yale yanayoota kwa mafungu, yanafika magotini au kiunoni wakati wa mvua na kiangazi yanageuka rangi ya udongo, huyo ameshakosea mara mbili, kwanza kimo, pili rangi. Jirani yake ana ukoka, anaumwagilia kila siku saa sita mchana kwa maji ya bomba, maji yaleyale yaliyosafishwa na kutiwa dawa ili watu wanywe, na huyo hana kosa lolote, tena anasifiwa. Mimi niliwahi kuletewa notisi ya kusafisha uwanja, aliyeileta alikuwa mtu mwenye heshima zake, akanionyesha palipoandikwa vichaka, nikamuomba anionyeshe ni mmea upi hasa, akasema yote. Simlaumu yeye, anasoma karatasi aliyopewa, na kwenye hiyo karatasi hakuna sehemu inayomsaidia kutofautisha gugu na mmea uliopandwa kwa makusudi. Na hatuko peke yetu kwenye hili, miji mingi ya Marekani nayo ina sheria za magugu zenye kikomo cha kama sentimita 20 hadi 30, na watu huko wamevutana na miji yao miaka na miaka kwa sababu ya majani ya asili ambayo kwa maumbile yake lazima yazidi hapo.

Siku moja simameni tu mkaangalie ukoka ukimwagiliwa mchana wa jua kali. Kinyunyizio kinatupa matone madogo madogo hewani, upepo unayabeba, mengine yanakauka kabla hayajatua, mengine yanaangukia kwenye pavingi na kuteremka mpaka barabarani, na yale yanayofika kwenye majani yanalowesha juu juu tu. Kwa kuwa udongo unalowa juu juu, mizizi nayo inabaki juu juu, ukichimba kidogo kwa kisu unakuta chini pakavu kabisa, ndio maana siku mbili bila maji ukoka unaanza kuwa njano na mwenye nyumba anaogopa notisi anafungua tena bomba. Sasa chimbeni chini ya mti wa asili uliowekewa matandazo ya majani makavu unene wa sentimita tano mpaka kumi, mtakuta udongo una unyevu na una minyoo, na juu yake jua linawaka vilevile.

Hesabu za haya mambo zipo na zimeshafanywa na watu wenye shida kubwa kuliko yetu. Mamlaka ya maji ya Las Vegas na vitongoji vyake, inaitwa Southern Nevada Water Authority, ilifuatilia nyumba kwa miaka kadhaa na ripoti yake ya 2005 ikaonyesha kwamba ukoka unakunywa karibu lita 3,000 kwa kila mita moja ya mraba kwa mwaka, wakati eneo kama hilo likipandwa mimea inayovumilia ukame linatumia karibu lita 700. Mvua ya mwaka mzima pale ni kama milimita 100, maana yake lita 100 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mtu mwenye ukoka alikuwa anaongezea kwa bomba mara nyingi zaidi ya kile ambacho mbingu imeleta. Najua pale ni jangwani na sehemu yenye mvua nyingi tofauti itakuwa ndogo, lakini itaelekea upande uleule, kwa sababu mmea uliozoea mvua za eneo unaishi kwa mvua za eneo. Na ukiangalia Marekani kwa ujumla, shirika lao la mazingira linakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya maji ya nyumbani yanatumika nje ya nyumba, mengi yake bustanini. Hapo ndipo pa kubana maji bila mtu yeyote kulala na kiu au kukosa kuoga.

Kuna jambo lilitokea California ambalo ningependa mlisome vizuri maana linatuhusu moja kwa moja. Ukame ulikuwa mkali, serikali ya jimbo inawaambia watu wapunguze maji, watu wakaacha kumwagilia, majani yakakauka, alafu vyama vya wamiliki wa nyumba, vile vinavyowapangia wakazi wa mtaa sheria, vikaanza kuwapiga faini kwa majani makavu. Mtu mmoja anatii amri mbili zinazogombana na lazima avunje moja. Mwaka 2014 ikabidi itungwe sheria ya jimbo kuzuia vyama hivyo kutoza hizo faini wakati wa dharura ya ukame, na 2015 ikatungwa nyingine kuzuia miji na kaunti zisifanye hivyo hivyo. Aprili 2015 Gavana Jerry Brown akaamuru matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25, na ndani ya amri hiyohiyo akataka ukoka wa futi za mraba milioni 50, yaani kama hekta 460, ung'olewe na pawekwe mimea inayovumilia ukame. Texas nao 2013 walishapitisha sheria inayozuia vyama vya wamiliki kumkataza mtu kupanda bustani ya namna hiyo. Hao wote walisubiri mpaka yakawafika shingoni. Cape Town mwaka 2018 walifika mahali kila mtu anaruhusiwa lita 50 kwa siku kwa kila kitu, kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo, na maji ya bomba kwenye bustani yalikuwa marufuku. Dharura ikishafika hakuna tena nafasi ya kujadili mmea gani upandwe wapi, maana mmea mpya unahitaji maji ya kuanzia na hayo ndiyo hayapo. Kwa hiyo huu wakati ambao bomba bado linatoka ndio wakati wa kubadilisha sheria.

Mtaniuliza basi tuandike nini. Mimi sio mwanasheria ila nimefuatilia walichofanya wengine na naona tuanze na swali jepesi, huu ukoka una kazi gani. Jimbo la Nevada, lenye hiyo Las Vegas, walitunga sheria 2021 inayotofautisha ukoka wenye kazi na usio na kazi. Uwanja ambao watoto wanachezea mpira una kazi. Ukoka wa katikati ya barabara mbili, wa kwenye raundabauti, wa kuzunguka paking na wa mbele ya ofisi ambao mtu pekee anayeukanyaga ni yule anayeukata, huo hauna kazi, na sheria yao inasema maji ya mto Colorado hayataruhusiwa kuumwagilia baada ya mwisho wa 2026. Ukoka wa nyumba za watu binafsi hawakuugusa. Jimbo la Colorado 2024 nao wakafuata njia hiyo kwa kuzuia ukoka wa namna hiyo kuwekwa upya kwenye maeneo ya biashara, ya taasisi na ya umma. Hilo naliona la haki sana, kwa sababu sisi wananchi tunapigwa notisi wakati bustani kubwa kuliko zote mjini ni zenu, za ofisi za serikali, za barabarani, za kwenye mizunguko, na gari la maji linapita kuzimwagilia kiangazi kizima. Anzeni hapo. Mkianza na uwanja wa ofisi yenu wenyewe, mkapanda mimea ya asili na mkaweka kibao kinachotaja jina la kila mmea, mtu akija kulipia kibali atauona kwa macho yake na ataelewa haraka kuliko kusoma sheria yoyote.

Sasa kuna sehemu naomba muwe makini, na hapa nitakaa kidogo. Mmea wa asili na mmea unaovumilia ukame ni vitu viwili na sheria ikivichanganya itatuletea balaa. Kenya miaka ya 1980 ulipandwa mti wa mathenge kwenye maeneo makavu kama Baringo, nia ilikuwa nzuri kabisa, kuzuia jangwa na kupata kuni, na kwa kuvumilia ukame hakuna wa kuusogelea. Ukasambaa wenyewe, ukaziba malisho na njia za maji, miiba yake inaumiza mifugo na kutoboa tairi, na 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Lantana ilibebwa kutoka Amerika ya kitropiki kama ua la kupendezesha bustani, inavumilia jua vizuri, leo inasumbua misitu na malisho Afrika, India na Australia. Tena angalieni hili, majani ya kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huko ni ya nyumbani, yakapelekwa duniani kote kutengeneza ukoka na malisho, na Marekani yameorodheshwa kuwa gugu hatari kwa sheria ya shirikisho. Mmea uleule, sehemu moja ni mwenyeji sehemu nyingine ni mharibifu. Kwa hiyo sheria ikiandika tu kwamba watu wapande mimea inayovumilia ukame, wauza miche watatuletea chochote kisichokufa na baada ya miaka ishirini tutakuwa tunatafuta pesa za kuking'oa.

Dawa yake ni orodha, na orodha iandikwe na watu wa mimea, watu wa chuo, watu wa misitu, pamoja na wazee na wakulima wanaojua majina ya kienyeji na tabia za kila mti, isiandikwe na kontrakta wa kuuza miche. Iwe na sehemu ya mimea inayoruhusiwa bila kuomba kibali, sehemu ya mimea iliyokatazwa kabisa, na iwe na picha, na ipitiwe upya kila baada ya muda. Afrika Kusini kanuni zao za 2014 zinamtaka hata muuzaji wa nyumba amjulishe mnunuzi kwa maandishi kama kuna mimea vamizi iliyoorodheshwa kwenye eneo hilo, na hao jamaa wanajua kwanini, tangu 1995 wana programu ya serikali inayolipa watu kufyeka miti vamizi kwa sababu inakunywa maji ya vyanzo vyao. Orodha ya namna hiyo pia ingemsaidia yule ofisa aliyekuja kwangu, angefungua picha akalinganisha, na mimi na yeye tungekuwa tunaongea kuhusu mmea mmoja unaojulikana.

Kokoto nalo nalisema haraka. Watu wakisikia bustani isiyohitaji maji wanamwaga kokoto uwanja mzima, wanaweka na nailoni chini, wanachomeka mmea mmoja katikati, basi. Hiyo sio bustani. Mawe yanashika joto mchana na kulitoa usiku, nailoni inaua udongo, mvua ikija maji yanakimbia. Jimbo la Baden-Württemberg huko Ujerumani mwaka 2020 waliandika wazi kwenye sheria yao kwamba bustani za kokoto haziruhusiwi kwenye viwanja vya makazi. Na ukoka wa plastiki sitaki hata kuuongelea sana, ukikanyaga peku saa nane mchana utajua mwenyewe. Wekeni kiwango, kwamba sehemu kubwa ya eneo la wazi ifunikwe na mimea hai ikishakomaa, na kokoto zibaki kwa njia za kupita.

Alafu kuna kosa ambalo sheria za kubana maji huwa zinalifanya, zinakataza kumwagilia moja kwa moja. Mche wa asili siku ya kwanza hauvumilii ukame wowote. Mizizi yake bado ina umbo la kopo ulimotoka, lazima umwagiliwe mara kwa mara mwanzoni, alafu unazidisha nafasi kati ya siku na siku huku ukimwagilia kwa kina ili mizizi ifuate maji chini, na kazi hiyo inaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka miwili. Baada ya hapo ndio unajitegemea. Sheria iwape watu huo muda kwa maandishi, na mkaguzi akija baada ya miezi mitatu asitegemee kukuta bustani iliyojaa, atakuta vijiti na matandazo. Mwaka wa kwanza mimea ya asili inaonekana kama imegoma kwa sababu nguvu inaenda mizizini kwanza. Watu wengi wamekata tamaa hapo hapo wakang'oa, wengine kwa kuogopa faini tu. Na kuna miti ambayo hata ikikomaa inafuata saa yake, mkababu kwa mfano unapukutisha majani wakati wa mvua na kuwa wa kijani kiangazi, sasa mkaguzi asiyeujua akija msimu wa mvua ataandika mti umekufa.

Maji ya mvua nayo yaingie humo humo. Tunajenga viwanja vyenye mwinuko kama kigongo ili maji yatoke nje upesi, yanaingia mtaroni, tunayalilia mwezi unaofuata. Tucson, Arizona, walitunga sheria 2008 ikaanza kutumika 2010, inayotaka majengo mapya ya biashara yapate angalau nusu ya maji ya bustani kutoka kwenye mvua iliyovunwa hapo hapo kwenye eneo. Sio lazima tuanze na nusu. Ila kwenye fomu ya kibali cha ujenzi wekeni swali moja, maji ya paa lako yanaelekea wapi, na muruhusu mtu achimbe beseni la udongo kuzunguka miti, na kwa ruhusa ya injinia wa barabara akate sehemu ya ukingo ili maji ya barabarani yaingie kwenye mizizi ya miti ya kivuli. Sasa hivi mtu akifanya hivyo anaonekana ameharibu miundombinu.

Hofu zenu nazijua na haziko hewani. Nyoka, vibaka wa kujificha, mbu, moto. Mama mmoja jirani yangu anaogopa nyoka kwelikweli na siwezi kumwambia anyamaze avumilie. Lakini hizo hofu zina kanuni zake ambazo zinaweza kuandikwa waziwazi bila kukataza mmea wa asili hata mmoja. Andikeni kwamba kwenye kona za barabara mimea iwe mifupi ili dereva aone. Andikeni kwamba pembeni ya njia ya miguu na kuzunguka kuta za nyumba paachwe ukanda mtupu au wa mimea mifupi, majani makavu yasigusane na jengo, matawi yasiingie njiani, maji yasituame kwenye beseni zaidi ya siku mbili tatu maana hapo mbu hawajamaliza kukua. Ukanda uliokatwa vizuri pembeni unaonyesha pia kwamba bustani ina mwenyewe na inatunzwa, hilo peke yake linapunguza ugomvi wa majirani. Kikomo cha kimo kwa uwanja mzima hakimzuii nyoka, kinazuia tu majani ya asili na vipepeo ambao viwavi wao wanakula majani hayo na sio mengine.

Na wasisahaulike wanaofanya kazi yenyewe. Wengi wanaotunza bustani za mji huu walifundishwa kukata, kumwagilia na kufagia, kwa hiyo ukimpa bustani ya asili bila maelezo ataikata yote chini Jumamosi ya kwanza, na hatakuwa na kosa. Halmashauri iandae mafunzo mafupi, kutambua mche wa asili na gugu, wakati wa kukata majani ya mafungu, kuweka matandazo bila kuyarundika kwenye shina maana shina likibanwa na unyevu linaoza. Wapangaji nao wawe na haki ya kuacha kumwagilia ukoka wa mwenye nyumba wakati wa ukame bila kukatwa dhamana yao. Na wazee waliokwisha panda ukoka miaka mingi iliyopita kwa kufuata sheria hiihii yenu wasilazimishwe kuung'oa kwa gharama zao, Las Vegas walikuwa wanawalipa watu kwa kila futi ya ukoka uliotolewa, sisi hata punguzo kidogo kwenye bili ya maji au miche ya bure kutoka kitalu cha halmashauri itamsogeza mtu.

Hicho kitalu ndicho kinanifanya niandike leo na sio mwezi ujao. Miche ya asili haipatikani kwa kuagiza tu, mbegu nyingine zina ganda gumu, lazima zikwaruzwe au zilowekwe kwenye maji ya moto ndio ziote, alafu mche unakaa kitaluni miezi, mingine zaidi ya mwaka, kabla ya kutoka. Na hakuna mwenye kitalu atakayeotesha kitu ambacho sheria inakiita kichaka, wanaotesha maua ya kigeni kwa sababu ndio yanayonunuliwa. Kifungu kikibadilishwa mvua zikiwa zimeshaanza tutakuwa na ruhusa ya kupanda na hatuna cha kupanda, na msimu utapita. Naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho, rasimu ibandikwe kwenye mbao za matangazo mitaani kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, mtupe muda wa kuleta maoni, na notisi zote zilizokwisha tolewa kwa watu wenye mimea ya asili zisimamishwe mpaka mtakapoamua. Kama mtahitaji watu wa kuzunguka mitaani kusaidia kuandika mimea iliyopo na majina yake ya kienyeji, mimi na wenzangu tupo tayari hata kesho.